Kabla ya Simba na Yanga kulikuwa na Mto Msimbazi

Nianze na mpira, maana nawafahamu. Nikianza na mto wengi wenu mtafunga ukurasa kabla ya aya ya pili.

Hebu jiulize, msomaji wangu. Simba wanaitwa Wekundu wa Msimbazi. Yanga wanaitwa Wana Jangwani. Tunayaimba majina haya tangu tungali watoto, tunayasikia redioni, tunayasoma magazetini kila Jumatatu asubuhi. Ukimuuliza mtu maana yake atakwambia Simba wana jengo lao Mtaa wa Msimbazi, na Yanga jengo lao liko makutano ya Twiga na Jangwani. Sawa kabisa. Sasa muulize tena: huo Mtaa wa Msimbazi uliitwa hivyo kwa sababu gani? Hapo wengi watakutazama tu.

Msimbazi ni mto. Jangwani ni bonde la mto huo huo. Yaani watani wa jadi, hawa wanaotugawa nyumbani hadi mume na mke hawasemeshani wikiendi nzima, wote wawili wamebatizwa kwa maji ya mto mmoja. Yanga ilianza mwaka 1935. Mwaka 1936 baadhi wakajitenga wakaanzisha timu iliyopitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Wote ni watoto wa Kariakoo, na Kariakoo imekaa ukingoni mwa bonde lile. Na wale wa Simba wanapotaka kuwaudhi wenzao huwaita Vyura, kwa kuwa mvua zikikolea maji huingia hadi kwenye klabu pale Jangwani na ule uwanja wa Kaunda hugeuka bwawa. Utani mtamu, mimi mwenyewe nimeutumia (upande wangu mmeshaujua). Lakini siku moja nilijiuliza: chura anaishi kwenye maji. Hayo maji yanatoka wapi? Na ni nani aliyeyaleta?

Basi ndiyo nikaanza kuufuatilia huu mto.

Kwanza ni mdogo. Mdogo sana kwa kweli. Una urefu wa kilomita 35 hivi, unaanza kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe na kuishia baharini pale kwenye daraja la Selander, ambalo makondakta wa daladala wameshaamua kuliita Salenda na mimi sina ugomvi nao. Eneo lote linaloutiririshia maji ni karibu kilomita za mraba 290. Ukiulinganisha na Rufiji ni kama mfereji wa nyuma ya nyumba. Hauna meli, hauna mamba wa kuogopesha watalii, hauna hata picha kwenye noti. Wakati wa kiangazi, ukisimama Kigogo ukautazama, unaweza kuruka mkondo wake bila kuvua viatu. Ila sikushauri ujaribu, kwa sababu ya kilichomo ndani.

Pugu kwenyewe ni pazuri. Kuna msitu wa asili, kuna mapango ya popo, kuna udongo mweupe wa kaolini ambao wataalamu wa miamba wanausifia duniani kote. Kuna pia shule. Wakati wa mkoloni iliitwa St. Francis, na mwalimu mmoja kijana aliyetoka kusoma Edinburgh alifundisha pale hadi mwaka 1955, alipoacha kazi kwa sababu ya siasa. Julius Nyerere, ndiyo huyo huyo. Siku ambazo hakuwa na vipindi alikuwa akishuka mjini kwenye mikutano, kwanza ya TAA, halafu TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ikawa ya TANU. Napenda kufikiria kwamba njia yake na njia ya maji ilikuwa moja, kutoka Pugu kushuka Kariakoo. Sijui kama vitabu vya historia vimewahi kulitazama hivyo, lakini chukua ramani uone.

Kutoka Pugu mto unashuka pembeni ya Ulongoni na Kinyerezi, unapita Vingunguti, unaikata Tabata na Buguruni, unafika Kigogo, unatanuka Jangwani kati ya Kariakoo na Magomeni, unaikwepa Muhimbili, unapita chini ya Hananasif, halafu unaingia kwenye mikoko ya Upanga. Njiani unapokea vijito vya Ubungo, Sinza na kwingineko. Angalia hayo majina. Umewahi kuishi angalau moja ya sehemu hizo, au shangazi yako anaishi huko. Yaani nusu ya Dar es Salaam inamwagia maji mto ambao hatuutazami kabisa.

Zamani ulikuwa unatazamwa. Nilikutana na mzee mmoja kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni, nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaniuliza kama mimi ni wa serikali. Nilipomwambia mimi ni mwandishi tu akacheka, akasema afadhali, maana wa serikali huja na rangi nyekundu. (Nitaieleza hiyo rangi baadaye.) Akanisimulia jinsi walivyokuwa wakiogelea Msimbazi walipokuwa vijana, jinsi walivyovua kambale na perege, na jinsi mama zao walivyofua nguo kwenye kingo zake. Alisimulia kama mtu anayeeleza ndugu aliyefariki.

Sasa tuirudie historia kidogo. Nawaomba mvumilie.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake hapa miaka ya 1860 alichagua bandari, kule kwenye hori lililotulia. Msimbazi ulikuwa nje ya mji, kaskazini na magharibi, bonde la matope, mbu na mikoko. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891 walitoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina za nyumba, na ukigawa mji kwa aina za nyumba ujue unaugawa kwa rangi za watu. Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliurithi mpango huo wakaunyoosha zaidi. Uzunguni baharini, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, kwenye shamba la zamani ambalo wakati wa vita liligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wetu ukaligeuza kuwa Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu ili, kwa maelezo yao, magonjwa yasivuke. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja.

Lakini upande wa pili wa Kariakoo hakukuwa na haja ya kuacha uwanja. Mto ulishafanya kazi hiyo. Bonde la Msimbazi lilikuwa mpaka wa bure. Mji wa Waafrika ukawekwa kati ya uwanja mtupu na bonde la maji.

Na daraja la kwanza la maana kwenye mdomo wa mto lilijengwa kwa ajili ya nani? Mwaka 1929 lilijengwa Selander, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na Oyster Bay, ambako wazungu walitaka kuhamia wapate upepo wa bahari mbali na joto la mjini. Kwa hiyo daraja lile lilikuwa la kuwavusha mabwana. Leo tunapita pale kwenye foleni saa moja na nusu asubuhi tukilaani jua, na hatukumbuki kwamba barabara ile ilianza kama njia ya watu wachache kwenda kulala kwenye upepo.

Kitu kimoja muhimu kuhusu daraja hilo, na hapa naomba wahandisi wanisamehe kwa lugha nyepesi. Mdomo wa mto ni mwembamba. Maji ya kilomita za mraba 290 lazima yapite pale. Mvua kubwa ikinyesha Pugu wakati bahari imekupwa, maji hutoka. Ikinyesha wakati wa bamvua, bahari imejaa mpaka juu, basi maji ya mto hukutana na maji ya chumvi mlangoni na kusimama. Yakisimama yanarudi nyuma. Yanarudi wapi? Jangwani. Mahali palipoitwa jangwa ndipo maji hupumzikia! Huwa nacheka kila nikilifikiria hilo, halafu nanyamaza, kwa sababu watu wamekufa pale.

Turudi kwenye mambo ya maji ya kunywa, maana nadhani ndipo tulipoanza kuusahau mto. Mji wa zamani ulikunywa visima. Mwaka 1949 ukafunguliwa mtambo wa Mtoni unaochota Kizinga, mwaka 1959 ukaja wa Ruvu Juu, mwaka 1976 Ruvu Chini. Tangu hapo bomba linatuletea maji kutoka mbali na hatuhitaji tena kujua hali ya mto unaopita uani kwetu. Mto usiounywa hauna mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe mjini hapa unajua kinageuka nini: jalala.

Sikosei nikisema jalala, na wala si kwa mfano. Halmashauri ya jiji ilikuwa na dampo Tabata. Taka za mji mzima zilimwagwa pale na kuchomwa, moshi na inzi vikaingia majumbani, watoto wakaugua. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu, kesi ya madai namba 299, Joseph D. Kessy na wenzake dhidi ya halmashauri ya jiji. Wakashinda. Jiji likaamriwa liache kumwaga taka pale na litafute mahali pasipodhuru watu. Unadhani likaacha? Likarudi mahakamani kuomba muda. Muda ukaisha, likaomba mwingine. Mpaka Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kwenye uamuzi wake kwamba mamlaka ya umma inakuja mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, wakati Katiba kwenye ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hii mpaka leo. Sisi wengine hatuijui, na ni kesi yetu.

Basi jiji likahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao, karibu mia nane, wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Likahamia wapi sasa? Miaka ya 1990 taka zikaenda Vingunguti, kwenye bonde la Msimbazi. Watu walikuwa wameshinda mahakamani mara mbili. Mto hauna wakili, kwa hiyo ukapewa taka.

Na Vingunguti hiyo hiyo ndipo kuna machinjio. Ndipo kuna mabwawa ya majitaka ambayo magari ya kunyonya vyoo huenda kumwaga mzigo wao, na maji yakishatulia huelekezwa mtoni. Juu kidogo kuna viwanda vya Barabara ya Pugu, na kwa upande wa Ubungo vijito vimepokea maji ya viwanda tangu enzi za ujamaa, tulipokuwa tunajivunia kila bomba la moshi lililosimama. Sisemi tusingejenga viwanda. Mama yangu alivaa khanga za hapa hapa na tulizipenda. Nasema tu kwamba waliochora viwanda walichora mabomba ya kutoa, na mwisho wa kila bomba walikuta mto.

Halafu kuna mchicha. Aaah, mchicha! Bonde lote la Msimbazi na la Sinza kuna matuta ya mchicha, matembele, kabichi ya kichina. Kijana anachota maji ya mto kwa ndoo mbili, anamwagilia, baada ya wiki tatu anavuna, asubuhi mchicha uko sokoni, mchana uko kwenye sahani yako pembeni ya ugali na dagaa. Wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti mwaka 1999 katika jarida la kimataifa, wakiwa wamepima kadmi, shaba, risasi na zinki kwenye mboga za mabonde haya mawili. Baadhi ya vipimo vilizidi viwango vinavyoshauriwa kimataifa. Risasi kwenye mchicha. Nilipousoma utafiti ule niliacha mchicha wiki nzima, halafu nikarudi, maana mchicha haujaandikwa umetoka bonde gani, na yule mama anayeniuzia pale mtaani hajui zaidi yangu. Simlaumu kijana mwenye ndoo. Maji aliyapokea yakiwa hivyo.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma hasa, ambalo ndilo limenifanya niandike.

Kila mafuriko yakitokea tunasikia wimbo ule ule: wakazi wa mabondeni wakaidi, wameambiwa wahame hawasikii. Mimi pia niliuimba. Mwanzoni kabisa nikiwa mwandishi mchanga niliandika habari moja yenye sentensi hiyo, na mhariri akaipenda. Leo inaniona aibu. Tuangalie mambo yalivyokwenda.

Mpango mkubwa wa jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde la Msimbazi kwenye ardhi ya hatari, isijengwe. Vizuri. Uamuzi wa busara kabisa. Lakini tazama idadi ya watu. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 356,286. Mwaka 1978 walikuwa 843,090. Zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi na moja tu! Mwaka 2002 tulikuwa 2,487,288, mwaka 2012 tukawa 4,364,541, na sensa ya 2022 ikatukuta 5,383,728. Je, viwanja vilivyopimwa viliongezeka mara ngapi? Kila mtu anayeishi mjini hapa anajua jibu. Watu wengi wa jiji, zaidi ya theluthi mbili, wanaishi kwenye makazi yasiyopimwa, na si kwa sababu wanapenda vichochoro. Ukiwa kibarua Kariakoo huwezi kupanga Bunju. Unataka mahali utakapotembea kwa miguu saa kumi na moja alfajiri. Mahali hapo palikuwepo, karibu na kila kitu, bei nafuu, na kulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi wa kukusainia karatasi. Bondeni.

Nao wakajenga. Wengine tangu miaka ya 1970. Serikali ile ile iliyosema ardhi ni ya hatari ikaja ikawaunganishia umeme, ikapeleka maji, ikapokea kodi ya majengo, ikaweka vituo vya kupigia kura. Kura ya bondeni haina mafuriko.

Si hivyo tu. Serikali yenyewe ilijenga bondeni! Barabara ya Morogoro imekatiza pale Jangwani juu ya tuta, na tuta ni ukuta kwa maji. Mabwawa ya majitaka yako bondeni. Na mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, karakana yake kubwa ilikuwa imejengwa wapi? Jangwani. Kwenye ardhi ambayo mpango wa 1979 ulisema ni ya hatari. Mwaka 2018 mafuriko yakaingia karakanani, mabasi mengi yakaharibika. Siku hiyo nilikuwa upande wa Magomeni, nimekwama na mamia ya watu, barabara imefungwa, mto umekuwa bahari ya rangi ya kahawa. Watu walikuwa wanapiga picha mabasi yakiwa yamezama hadi magurudumu. Hakuna aliyesema mabasi ni makaidi.

Kabla ya hapo kulikuwa na Desemba 2011. Mvua ile wataalamu wa hali ya hewa walisema haikuwa imeonekana tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Nakumbuka picha za watu wamekaa juu ya mapaa ya bati siku nzima, watoto wamefunikwa mashuka, wakisubiri helikopta. Baada ya hapo serikali ikagawa viwanja Mabwepande, mbali kule nyuma ya Bunju, na familia zikapelekwa kwenye mahema. Baadhi wakajenga na wapo mpaka leo. Wengine wakarudi Jangwani, na wale tuliokuwa na sentensi zetu tayari tukaandika: wamerudi, wakaidi. Lakini hebu piga hesabu ya nauli. Mama wa kuuza chapati Mchikichini, anatoka Mabwepande saa ngapi, anabadili daladala ngapi, anarudi na kiasi gani? Mafuriko huja mara moja au mbili kwa mwaka. Njaa ni kila siku saa saba mchana.

Desemba 2015 ndipo ilipokuja ile rangi nyekundu. Alama ya X ukutani, halafu tingatinga. Mkwajuni, Kinondoni, nyumba zikaangushwa siku chache kabla ya Krismasi, watu wakalala nje na magodoro yao. Kesi ikafunguliwa, ubomoaji ukasitishwa kwa muda, lakini waliokwisha kubomolewa walikuwa wamekwisha kubomolewa. Ndiyo maana yule mzee wa kijiweni aliniuliza kama mimi ni wa serikali.

Sasa mtaniuliza, kwani wewe unataka watu wakae majini? Hapana jamani. Bonde halifai kwa kulala mtu. Nililiamini hilo zaidi baada ya kujifunza jinsi mto unavyofanya kazi. Juu kule Pugu msitu umekatwa mkaa. Kinyerezi na Segerea watu wanachimba mchanga kwenye kingo, mchanga ambao ndio zege la maghorofa tunayoyashangaa. Kingo zinamomonyoka, nyumba zinaporomoka, na udongo unasafiri. Ukifika Jangwani ambako ni tambarare, mto unachoka, unautua mzigo wake. Kitako cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka. Chini ya daraja la Jangwani matingatinga yamechimba tope mara nyingi mno, na kila masika linarudi. Wakati huo huo kila paa jipya la bati na kila uwanja uliomiminwa saruji unaondoa kipande cha ardhi kilichokuwa kinakunywa mvua. Kwa hiyo maji ni mengi zaidi, yanakuja haraka zaidi, na chombo cha kuyapokea ni kifupi zaidi. Jua linaweza kuwa linawaka Kariakoo na mto ukajaa kwa mvua ya Kisarawe.

Yaani aliyejenga ghorofa lake Masaki kwa mchanga wa Kinyerezi yumo kwenye mafuriko ya Jangwani. Ila yeye hawekewi X.

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mafuriko ya Aprili 2018 peke yake yaliigharimu Dar es Salaam zaidi ya dola milioni 100. Pengine hesabu hiyo ndiyo iliyowaamsha wakubwa. Ukachorwa mpango wa bonde zima kuanzia mwaka 2018, na mwaka 2022 benki hiyo ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Uholanzi na Hispania nao wakaongeza. Nimeusoma mpango na nakiri umenipendeza kuliko nilivyotarajia. Daraja jipya refu Jangwani badala ya tuta, ili maji yapite chini. Karakana ya mabasi ihamishwe. Kingo zitulizwe huko juu. Chini kuwe na bustani kubwa ya jiji, ambayo mvua zikija inakubali kuzama bila kuua mtu. Na safari hii kuna fidia. Majengo zaidi ya 2,000 yaliorodheshwa, watu wakathaminiwa, malipo yakaanza mwaka 2023. Kulikuwa na kelele za viwango, na za wapangaji ambao hulala bondeni lakini hawana ukuta wa kuthaminiwa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeondoka na hundi mkononi na mtu anayeondoka mbele ya tingatinga. Ni kama tumekiri, bila kutamka, kwamba wale watu hawakuingia bondeni peke yao.

Yule mzee nilimuuliza anaonaje kuhusu bustani. Akapuliza kahawa yake. Akasema bustani ni jambo jema, watoto watacheza. Halafu akauliza kama watu watalipa kiingilio. Sikuwa na jibu.

Wiki iliyopita nilikwenda Selander jioni, maji yakiwa yamekupwa. Kulia kwangu lilikuwa lile daraja jipya la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, limepita juu ya bahari, vijana wanapiga picha za harusi na za siku ya kuzaliwa. Hakuna aliyegeuza kamera upande wa mikoko. Nikateremka kidogo. Chupa za plastiki zimenasa kwenye mizizi, kandambili moja ya mtoto, gunia, kichwa cha mdoli. Lakini katikati ya hayo yote kulikuwa na kaa wadogo wanatoka na kuingia mashimoni, na korongo mweupe amesimama kwenye tope anasubiri samaki. Bado wapo. Nilikaa pale mpaka mbu wakanifukuza, kisha nikavuka barabara kupanda daladala ya kurudi mjini. Dereva alikuwa na bendera ya Yanga kwenye kioo, na kondakta amevaa jezi ya Simba, wanatupiana maneno.

Bamvua ijayo nitarudi, nione maji yanarudi nyuma mpaka wapi.